Nani Atatuandikia Mambo ya Kompyuta?

Maneno kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Migori na Homa Bay



Leo tunataka kuzungumza juu ya karatasi za maelezo. Kila kikundi sasa kina kazi inayopitia kwenye simu au kompyuta. Michango inatumwa kwa M-Pesa, ambayo ilianza mwaka wa 2007. Katikati ya mwaka wa 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zake zaidi ya 5,000 zinapatikana kwa eCitizen. Lakini maelezo mengi ya mambo haya ni Kiingereza kigumu, tena yameandikiwa mtu anayejua tayari. Ndiyo maana vikundi vinatafuta mwandishi wa kulipwa kwa kila kazi, awaandikie kurasa chache: namna ya kuweka hesabu kwenye kompyuta, namna ya kulinda namba ya siri, namna ya kumtambua tapeli wa simu. Ni jambo jema. Shida ni kumpata wa kuaminika.

Msilione jambo hili kuwa dogo. Fundi cherehani akikosea gauni, mama analivaa siku hiyo hiyo na kosa linaonekana. Karatasi ya kompyuta ikikosea, inaweza kukaa ukutani miezi mitatu ikionekana nzuri. Kosa linajulikana siku mweka hazina anapoifuata neno kwa neno na hesabu ya mwaka mzima inafutika. Pesa zikitumwa kwa namba isiyo yake, zinaweza kutolewa kabla hamjamaliza kuulizana nani alikosea. Na hizo ni pesa za mayai na omena, za watu walioamka alfajiri.

Sasa, wengi wakisikia "mwandishi wa kompyuta" wanawafikiria wale vijana wanaoandika kwa intaneti. Hao wapo. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, kazi hiyo ilipata nguvu sana Kenya. Wengine wanaandika makala halali za makampuni ya nje. Wengine walijifunzia kwenye kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za shule, biashara ambayo Uingereza iliipiga marufuku kwa sheria mwaka wa 2022. Hatuwadharau vijana hao, maana wengi walisukumwa na njaa ya kazi. Lakini tuseme wazi, kazi ile inamzoesha mtu kuandika haraka juu ya kitu asichowahi kukigusa, halafu jina lake halionekani popote. Sisi tunataka kinyume chake.

Na hapo hapo tuwaonye. Kijana akija kuomba mkopo wa kikundi ili anunue akaunti ya mtu mwingine ya kuandikia, msimpe. Kampuni zenye kazi hizo hukataza akaunti kuuzwa, na zikigundua zinaifunga. Deni litabaki kwenu. Afadhali mumsaidie apate kompyuta, afungue akaunti yake kwa jina lake.

Basi tumtafute wapi? Anzeni karibu. Yule fundi wa simu pale Oyugis, Awendo au Mbita ameona makosa ya watu mia, anajua mahali ambapo kila mtu hukwama. Huenda kuandika hajui. Mwalimu wa shule anajua kuandika, huenda kompyuta haijui sana. Waunganisheni. Kwa maoni yetu wawili hawa wanaweza kuwafaa kuliko msomi mmoja mwenye vyeti vingi. Pia kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo na wa Tom Mboya pale Homa Bay, ila mwanafunzi ana mitihani, kwa hiyo mpatane tarehe mapema.

Akipatikana, msimpe kazi yote mara moja. Mpeni ukurasa mmoja tu, na mumlipe. Jaribio la bure linafukuza watu wazuri. Akishauleta, msiupeleke kwa karani aliyesoma. Mwiteni mama ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo, mpeni karatasi na simu, kisha nyote mkae kimya. Mwandishi naye akae kimya. Hapa ndipo penye kazi, maana kila mtu atawashwa kusaidia! Pale mama atakaposimama na kuinua macho, wekeni alama. Mwandishi wa kweli atachukua kalamu na kurekebisha. Yule atakayesema, "Huyu mama haelewi," mlipeni ukurasa wake na muagane kwa amani.

Kuna jambo jingine la siku hizi. Tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, mtu anaweza kuagiza mashine imwandikie ukurasa kwa muda mfupi. Lugha inakuwa laini kabisa, lakini wakati mwingine inataja kitufe ambacho hakipo kwenye simu yako. Msigombane juu ya nani aliandika. Mwambieni tu, "Tuonyeshe hatua hii kwa simu." Halafu mwulizeni, "Mtandao ukikatika hapa katikati, tufanye nini?" Aliyefanya kwa mkono wake atajibu, hata kama Kiswahili chake kinayumba.

Kuhusu malipo, patana kwa kazi iliyokamilika, si kwa wingi wa maneno, la sivyo mtaletewa maneno matupu kama debe. Nusu mwanzo, nusu baada ya mama kufaulu. Andikeni pia nani atarekebisha karatasi simu zikibadilika, maana zitabadilika. Jina la mwandishi na tarehe viwe chini ya ukurasa. Namba ya siri ya kikundi asipewe kamwe, hata kwa kujaribia; atumie simu yake. Na kwa wale wenye Waluo na Wakuria katika kikundi kimoja, Kiswahili chepesi kitawafaa wote.

Kila kikundi kichague kazi moja ndogo, ile inayowasumbua zaidi. Karatasi ya kwanza ikishajaribiwa, ileteni ofisini parokiani pamoja na zile alama za mahali mama alipokwama, ili vikundi vingine vinakili.