Macho Hayana Pazia: Nikolai Punin na Kazi ya Kutazama



Wahenga walisema macho hayana pazia. Picha je? Picha huvikwa pazia, tena mapazia matatu manne, moja juu ya jingine, mpaka watu wakae karne nzima wakilitazama pazia na kudhani wanaiona picha. Ndivyo zilivyokuwa ikoni, picha takatifu za Wakristo wa Urusi, na hapo ndipo inapoanzia habari ya mtu ninayetaka kumzungumzia jioni hii.

Mchoraji wa ikoni alipomaliza kazi, aliupaka ubao mafuta ya kitani yaliyochemshwa ili rangi zing'ae na zisichubuke. Mafuta hayo hubadilika. Baada ya miongo michache huwa ya kahawia, kisha hukaribia weusi, na moshi wa mishumaa na ubani huongezea utusitusi wake. Picha ikishafifia, aliitwa fundi mwingine achore upya juu yake, akifuata mistari ambayo yeye mwenyewe aliiona kwa taabu. Mwisho ilifunikwa kwa bamba la fedha au shaba, zikaachwa wazi nyuso na mikono tu. Hata Warusi wasomi waliamini kwamba sanaa ya mababu zao ilikuwa ya giza. Halafu, mwanzoni mwa karne ya 20, wasafishaji walianza kukwangua tabaka hizo kwa visu vidogo. Chini yake ikatokea buluu ya anga, nyekundu ya moto, kijani kibichi. Mwaka 1913 ikoni zilizosafishwa ziliwekwa katika maonyesho makubwa mjini Moscow, na watu walizitazama kama vitu vilivyochorwa jana.

Mwaka huohuo kijana mmoja aliyekaribia miaka 25 aliajiriwa katika Makumbusho ya Urusi mjini St Petersburg, upande wa ikoni. Nikolai Punin alizaliwa Helsinki mwaka 1888, wakati Finland ilipokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi, naye mwenyewe akasoma Chuo Kikuu cha St Petersburg. Mwaka 1915 alichapisha makala ndefu kuhusu mchoraji wa ikoni Andrei Rublev.

Huyu ndiye Punin ninayemwona mimi, ingawa wengi humkumbuka kwa mambo mengine, hasa kwa kuishi na mshairi Anna Akhmatova. Kwenye ikoni alijifunza kwamba picha ni kitu kabla haijawa hadithi: ubao, chokaa, rangi, jinsi kimoja kinavyolala juu ya kingine. Msanii Vladimir Tatlin, aliyewahi kuwa baharia, alipoanza kuunganisha bati, mbao na waya na kuvitundika kwenye kona ya chumba, wengi waliona takataka. Punin hakuhitaji kubadili macho. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuhusu mnara wa Tatlin, mnara uliokusudiwa kupita mita 400, wenye vyumba vya kioo vya kuzunguka: kimoja kwa mwaka, kimoja kwa mwezi, kimoja kwa siku. Haukujengwa kamwe. Kilichokuwapo ni kielelezo cha mbao, na maneno ya Punin.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wanaompenda hulipita haraka. Baada ya Mapinduzi ya 1917 Punin alikuwa mwenye mamlaka. Aliongoza idara ya sanaa ya serikali mjini Petrograd, kama St Petersburg ilivyoitwa wakati huo, akawa kamisaa wa makumbusho, na kuanzia Desemba 1918 alikuwa miongoni mwa wahariri wa gazeti la Sanaa ya Komyuni. Humo alitetea hoja kwamba wachache wenye nguvu ya kubuni ndio waongoze sanaa, na mapinduzi yawape nafasi hiyo. Anatoly Lunacharsky, waziri wa elimu na mkubwa wake, aliandika katika gazeti hilohilo kuonya juu ya mambo mawili: kubeza sanaa ya zamani, na kundi moja la wasanii kusema kwa sauti ya dola. Mimi nasema Lunacharsky alikuwa sahihi, na kijana wetu alikosea. Ukiiomba serikali iwe mhakiki, usiichagulie ladha.

Malipo hayakuchelewa. Agosti 1921 alikamatwa mara ya kwanza, katika kesi iliyomfikisha mshairi Nikolai Gumilyov mbele ya bunduki. Yeye aliachiwa, Lunacharsky akiwa amemwombea. Miaka ya 1920 ikawa ya kazi: alifanya utafiti katika taasisi ya mchoraji Kazimir Malevich, iliyofungwa 1926, kisha akaongoza ndani ya Makumbusho ya Urusi kitengo cha mikondo mipya. Humo ziliingia kazi za Tatlin, Malevich na wenzao, zikaandikwa kwenye daftari la mali ya taifa.

Akhmatova alihamia kwake, katika ubavu wa kasri la zamani kando ya Mto Fontanka. Mke wa Punin, Anna Arens, naye daktari, aliendelea kuishi humohumo pamoja na binti yao. Nyumba zilikuwa adimu, waungwana, tusiwahukumu. Oktoba 1935 Punin alikamatwa tena, pamoja na Lev, mtoto wa Akhmatova. Akhmatova alimwandikia Stalin, mshairi Boris Pasternak naye akaandika, na baada ya siku chache wote wawili walitoka.

Mara ya tatu hapakuwa na barua iliyofaa. Alikuwa ameponea njaa ya Leningrad, jina jipya la mji uleule, ulipozingirwa, akahamishiwa Samarkand mwaka 1942, akarudi kufundisha. Mwaka 1949, katika kampeni dhidi ya walioitwa watu wasio na kwao, alifukuzwa chuo kikuu kwa tuhuma za kuitukuza sanaa ya Magharibi, na Agosti akakamatwa. Alipelekwa kambi ya wafungwa ya Abez, kaskazini ya mbali. Stalin alikufa Machi 1953. Punin alimfuata Agosti 21 mwaka huohuo. Makaburi ya kambi yaliwekewa vigingi vya herufi na namba, bila majina.

Zile kazi alizozipokea hazikuchomwa. Zilishushwa ukutani, zikapelekwa stoo, zikakaa gizani nusu karne, zikiwa zimeandikishwa. Mwaka 1988 Malevich alitundikwa tena, maonyesho makubwa, katika Makumbusho yaleyale ya Urusi ambako kijana mmoja alianza kazi miongoni mwa ikoni zilizokuwa zikikwanguliwa masizi.