Kijana Akihitimu Ufundi Aende Wapi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, mafundi na vijana wa mtaa wetu, Dar es Salaam)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu mafundi, nanyi vijana mliosimama kule nyuma: tumewaiteni leo kwa jambo moja, nalo ni la aibu kidogo kwetu sisi wa kamati. Miaka miwili iliyopita tulipita nyumba kwa nyumba tukachangisha fedha, tukawapeleka vijana 11 wa mtaa huu kujifunza ufundi. Wote walikuwa watoto wa shida: yatima, watoto wa wajane, na binti mmoja aliyekatishwa shule kwa ajili ya mimba, kabla serikali haijawaruhusu wasichana kama yeye kurudi darasani mwaka 2021. Siku ya vyeti tulipiga makofi na vigelegele, tukarudi majumbani tumeridhika. Mwezi uliopita tukawatafuta. Wanne tu ndio tuliowakuta wakifanya kazi waliyojifunza. Wengine wanasukuma mikokoteni, wengine wanauza maji, na mmoja, seremala hodari, tulimkuta kijiweni, cheti chake kimo sandukuni mwa mama yake.

Tukamwuliza, "Mwanetu, kulikoni?" Akajibu kwa adabu, "Shikamooni, wazee wangu. Nimekwenda karakana sita. Kila nikifika naulizwa: Una randa? Una msumeno? Nani akujuaye hapa? Basi narudi."

Ndugu, hapo ndipo tulipokosea. Mtoto wa mwenye nacho akimaliza chuo, baba humnunulia vifaa, na mjomba humpigia simu rafikiye mwenye karakana. Mtoto wa mjane hana mjomba wa namna hiyo. Sisi tulimlipia ada tukadhani taabu yake imekwisha, kumbe tulimfikisha nusu ya njia tukamwacha hapo.

Mambo haya si mageni katika nchi yetu. Wakoloni walifungua shule za ufundi Ifunda na Moshi katika miaka ya 1950. Ile ya Ifunda iliwekwa mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Walioingia walikuwa wachache mno. Baada ya Uhuru ikaja sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974, vyuo vya maendeleo ya wananchi vikaanza mwaka 1975, kisha sheria ya mwaka 1994 ikaunda VETA. Vyuo twavishukuru. Lakini kazi ya chuo ni kufundisha. Hakina karakana ya kumwajiri kila amalizaye.

Tena waajiri hulipa kodi ya ufundi stadi, ihesabiwayo juu ya mishahara ya wafanyakazi wao. Ilikuwa asilimia 6, ikashushwa hadi 5 mwaka 2013, na kufika mwaka 2023 ikawa asilimia 3.5. Kwa miaka mingi thuluthi moja tu ya fedha hizo ndiyo iliyokuwa fungu la VETA. Waajiri hunung'unika kwamba kodi hii ni nzito, nasi hatuwakatazi kunung'unika. Twawaambia hivi tu: maadamu mmekwisha kuyalipia mafunzo, mfungulieni kijana mlango akae kwenu miezi michache, mkono wake uzoee kazi na jina lake lijulikane.

Ziko na njia nyingine, nazo tumezilalia. Sheria ya manunuzi ya serikali imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Dawati la shule laweza kutengenezwa na vijana wetu. Halmashauri nazo zapaswa kutoa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Lakini kijana haendi kuomba peke yake. Yapasa awe katika kikundi kilichosajiliwa. Seremala wetu hajui hata fomu yachukuliwa wapi. Nani atamwonyesha kama si sisi tunaojua kusoma matangazo ya halmashauri?

Sasa ninyi ndugu mafundi. Wengi wenu mlijifunza chini ya mwembe, nanyi mnatushinda sote kwa ustadi, ila hamna cheti, na zabuni zawapita. VETA humpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani kuanza upya. Fundi atakayempokea kijana mmoja, kamati itamsaidia kwenda kupimwa. Lakini tuseme wazi: mwanagenzi si mtumishi. Tumesikia habari za vijana waliomaliza mwaka mzima wakitumwa chai na vitumbua, randa hawajaishika.

Na yule binti? Alijifunza kuchomelea vyuma. Fundi mmoja alimcheka, akamwambia mahali pake ni jikoni. Fundi huyo yumo humu mkutanoni, nasi hatutamtaja. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vimekwisha kuwapokea kina mama wadogo kama huyu, watoto wao wakilelewa hapo hapo chuoni mama akiwa darasani. Chuo kimeweza kulea mtoto mchana kutwa. Karakana yashindwa kumvumilia mama yake?

Kamati imenunua masanduku mawili ya vifaa vya useremala na moja la uashi. Vitaazimwa kwa saini, na kijana akipata kazi mbili tatu atanunua vyake, vya kamati vimfae mwenzake. Fundi aliye tayari kuchukua mwanagenzi asiondoke. Karani anayo daftari pale mezani. Vijana wetu saba, njooni mbele na vyeti vyenu. Aliyekiacha nyumbani akimbie akakilete, twamngoja.