Nyumba Kabla ya Masika



Masika ya pwani yetu huanza yapata mwisho wa mwezi wa Machi, na mvua haimngoji mtu. Sisi tukaao mjini hupeleka fedha nyumbani, tukadhani wajibu umekwisha. Lakini fedha haipandi paani. Basi twendeni wenyewe mwezi wa Februari. Tuyabadili makuti yaliyooza, tuzikandike upya kuta zilizopasuka, tuchimbe mfereji wa kuepusha maji na msingi. Tufukie madimbwi, tuondoe vifuu na makopo uani, kwa kuwa yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14 tu. Mzazi aliyetulea asikeshe akikinga maji kwa sufuria, hali wanawe tupo.