Juu ya Kuinua Injini ya Pikapu ya Chama



Twaomba kunena machache juu ya jambo lililoandikwa katika makisio ya mwaka ujao kwa mstari mmoja tu, nalo ni “Kapi ya minyororo pamoja na miguu yake”. Twafahamu ya kuwa mstari huo uliwakunja nyuso baadhi ya Wazee hesabu zilipokuwa zikisomwa, kwa sababu fedha zake zazidi zile tulizotenga kwa vyuma vya injini yenyewe. Waliuliza, na ni haki yao kuuliza, mwembe ulioko nyuma ya ofisi una kasoro gani.

Pikapu yetu ni Peugeot 404. Wazee wengi walikumbuka gari hilo, maana ndilo lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, likashinda tena miaka ya 1966, 1967 na 1968. Pikapu hii imewachukua wagonjwa wetu usiku wa manane, imebeba viti na masufuria ya arusi, na zaidi ya yote imewafikisha marehemu wetu nyumbani. Sasa injini imechoka. Yanywa oili bila haya, na moshi wake umekuwa aibu mbele ya wafiwa. Fundi ameikagua, naye amesema haiwezi kutengenezwa ikiwa ndani ya gari. Sharti itolewe nzima. Hapo ndipo penye hatari, wala si katika kutia pistoni na ringi mpya.

Injini hiyo hatukuipima kwa mizani, lakini kwa tahadhari twaihesabu kuwa kilo 200 pamoja na giaboksi, yaani magunia mawili ya mahindi na kitu juu. Tofauti ni kwamba gunia ni laini, nalo likikuangukia mguuni huenda ukachechemea siku mbili. Chuma hakina huruma hiyo.

Twaambiwa ya kuwa injini nyingi zimetolewa kwa kamba iliyopitishwa juu ya tawi, vijana wanane wakivuta huku wakiimba. Ni kweli, nasi tumeziona. Lakini itazameni hesabu yake. Kamba ikipita juu ya tawi, upande mmoja yaning’inia injini, na upande wa pili wavuta vijana. Tawi labeba pande zote mbili. Kwa hiyo injini ya kilo 200 yalielemea tawi kwa kilo 400, hata kama kamba ingalipita juu ya gurudumu lililotiwa mafuta. Wala gurudumu halipo. Kamba yakwaruzana na gamba la mti, vijana walazimika kuvuta kupita uzito wenyewe, na nguvu hiyo yote yaongezwa juu ya tawi lile lile. Tena mwembe haumtangazii mtu siku mchwa walipoingia ndani yake. Akiteleza kijana mmoja, wenzake wabaki na mzigo uliozidi, kamba yawachoma viganja, nao waiachilia. Hakuna kitu cha kuizuia injini isipokuwa ardhi, au mtu aliye juu ya ardhi.

Kapi ya minyororo ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna meno na breki. Ukiacha kuvuta, mzigo wasimama pale pale ulipo. Mtu mmoja aweza kuinua injini kidole kwa kidole. Wengine husifu kapi kwa kuwa yapunguza idadi ya watu, lakini kwetu fadhila yake kubwa ni kwamba yampa fundi muda wa kusimama, kutazama na kufikiri. Tumeomba ya tani moja, na uzito huo uwe umeandikwa juu yake na mtengenezaji. Kapi itaning’inizwa katika miguu mitatu ya bomba nene la chuma. Uwanja wetu ni wa udongo, kwa hiyo kila mguu utawekewa ubao mnene chini, na miguu yote itafungwa mnyororo kuizunguka karibu na ardhi isipate kutanuka.

Sasa twaomba mtusikilize kwa makini juu ya mnyororo ule unaofungwa kwenye injini yenyewe, kwa sababu hapa hata mafundi wa miaka mingi hudanganyika. Kila mmoja wetu amewaona watoto wawili wakichukua debe la maji kati yao, huyu ameshika upande huu na yule upande ule. Wakienda wamekaribiana, mikono yao yashuka wima na mzigo ni mwepesi. Wakiachana mbali, mikono yavutwa kando, na mara walia kuwa debe ni zito, ingawa maji hayakuongezeka hata tone. Ndivyo ulivyo mnyororo wenye ncha mbili. Ncha zikishuka wima, kila moja yachukua kilo 100. Zikitanuka hata kufikia digrii 45, kila moja yachukua kama kilo 141. Zikilala zaidi, hata zikawa digrii 30 tu kutoka usawa wa ardhi, kila ncha yachukua kilo 200 kamili, kana kwamba imeachiwa injini nzima peke yake. Fundi aliyefunga mnyororo mfupi huona amepata nafasi ya kuinua juu zaidi. Kumbe ameuongezea mzigo mnyororo, na boliti zinazoushika zavutwa kando badala ya kuvutwa juu. Kwa ajili hiyo tumeandika mnyororo mrefu, na boliti mpya za kuufungia, wala si zile za kuokota gerejini.

Injini ya 404 ina tabia yake tena. Watengenezaji wake waliilaza upande kwa digrii 45, na kichwa chake ni cha aluminiamu ijapokuwa mwili ni wa chuma. Kwa hiyo haining’inii kama injini iliyosimama wima. Upande mzito hutafuta chini, na injini yaweza kupinduka ghafula mara tu ikiachana na gari. Wala kichwa hicho hakifai kufungiwa mnyororo popote mtu apendapo.

Kazi za awali fundi azijua, nasi twazipita upesi: betri itolewe waya, maji na oili zimwagwe, mpira wa petroli uzibwe, boneti na radieta ziondolewe, magurudumu yawekewe magogo. Kisha kapi ivutwe mpaka mnyororo ukaze tu, na hapo watu wote wasimame wautazame. Ukiwa umekaa sawa, ndipo boliti za mwisho zinazoishika injini zifunguliwe, giaboksi ikiwa imeegemezwa kwa jeki. Iinuliwe kidogo, isimamishwe, itazamwe tena kama pana waya au bomba lililosahauliwa.

Vidole haviingii kati ya injini na ukuta wa gari hata kwa dakika moja. Ikikwama, itasukumwa kwa mtaimbo. Hapana mtu kupita chini yake, wala kuinama juu yake. Sauti ya kusema “pandisha” na “teremsha” ni moja tu, ya fundi. Lakini neno “simama” aweza kulisema mtu yeyote, hata kijana wa kupokeza spana, nalo litiiwe papo hapo. Injini ikiisha kupita juu ya ncha ya gari, magogo yaondolewe, pikapu isukumwe nyuma polepole, na injini iteremshwe mara moja juu ya magurudumu makuukuu. Haitaachwa ikining’inia ati watu wanywe chai.

Mwanachama mmoja ametuuliza kama haya si mambo ya viwandani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka minyororo na kamba za kuinulia ziwe imara na zichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa. Uwanja wetu si kiwanda, twakubali. Lakini vijana watakaoifanya kazi hiyo ni watoto wa wanachama walioketi hapa, nao wamejitolea bila malipo. Mmoja wao akipatwa na mauti, Mfuko wa Maziko ndio utakaofunguliwa, na pikapu ya kumchukua itakuwa imefunguliwa matumbo uwanjani. Twawaomba Wazee waupime mstari ule wa makisio kwa mizani hiyo.

Kapi ikinunuliwa itawekwa ofisini chini ya kufuli, na kila atakayeichukua ataandikwa daftarini. Haitaazimwa kwa kung’olea visiki.

Kama Mkutano utakubali, kazi itafanywa Jumamosi ya kwanza baada ya kapi kufika, kuanzia saa mbili asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Wazee wapendao kutazama watawekewa viti barazani, upande wa pili wa uwanja. Watoto twaomba wabaki nyumbani.