Alama Nyeusi za Ngozi: Tusiziunguze

Wamama, leo tunaongea juu ya alama nyeusi za ngozi. Wengi wenu munauliza: "Mama mwuguzi, nipakae nini ili zitoke?" Swali hilo ni la maana, kwa sababu dawa zingine wanazotumia watu nyumbani zinaharibu ngozi, na zingine zinamfikia hata mtoto tumboni.

Kwanza, alama zinatoka wapi? Ndani ya ngozi yetu kuna rangi inayotulinda na jua. Ngozi ikiumia, inaongeza rangi mahali pale. Ndiyo maana kipele kikipona, alama inabaki.

Mama mwenye mimba anaweza kupata baka kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo. Hakurogwa. Mimba inaamsha rangi, na jua linaizidisha. Kwa wamama wengi baka linafifia miezi kadhaa baada ya kuzaa. Vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kuleta baka vile vile. Usiviache peke yako, njoo tuongee.

Kwa mama mzee, jua la miaka mingi shambani linaacha madoa usoni na mikononi. Tena kuna vipele vidogo vyeusi vya mashavuni, ambavyo mara nyingi mama na nyanya yako walikuwa navyo. Havina ubaya. Usivikate na wembe.

Sasa tuone yasiyofaa.

1. Maji ya ndimu. Mama anayapakaa asubuhi, kisha anaenda shambani. Ndimu na jua vikikutana juu ya ngozi, inaweza kuungua na kutoa malengelenge. Nyuma inabaki nyeusi kuliko mbele.

2. Maji ya javel, dawa ya meno, sabuni kali ya kufulia. Vinaunguza. Na ngozi iliyoungua inafanya nini? Mumekwisha kusikia: inaongeza rangi!

3. Sabuni na krema za kung'arisha. Tazama boksi. Ukisoma mercure, hydroquinone ao clobétasol, usinunue. Pasipo maandishi, usinunue pia.

Mercure ndiyo zebaki, ile yenye kung'aa ndani ya kipima-homa cha zamani. Ni sumu ya figo. Inapita katika ngozi, inaingia damuni, inafika kwa mtoto tumboni na katika maziwa ya mama. Mapatano ya Minamata, ambayo mataifa yaliyapokea mwaka 2013, yanakataza vipodozi vya zebaki, lakini vingali vinauzwa katika inchi nyingi.

Hydroquinone ikitumiwa muda mrefu, inaweza kugeuza ngozi kuwa nyeusi ya buluu, yenye vipele vigumu. Waganga wa Afrika ya Kusini waliandika juu ya hayo mwaka 1975. Alama hizo ni vigumu sana kutoka.

Clobétasol ni dawa ya munganga, ya ugonjwa fulani na ya muda mufupi. Mama akiipakaa kila siku, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi. Akipasuliwa wakati wa kuzaa, kidonda kinaweza kukawia kupona.

Kama unatumia krema hizi, usione haya. Lete boksi. Ile ya zebaki uiache leo. Ile ya clobétasol, kama ni ya muda mrefu, tutakuonyesha namna ya kuiacha.

Nyumbani tufanye nini basi?

- Funika uso: kofia pana, kitambaa ao mwavuli. Lima asubuhi mapema, pumzika wakati jua ni kali. Bila hili, hakuna dawa itakayosaidia.
- Osha uso na sabuni ya kawaida. Usisugue na jiwe. Usiku pakaa vaselini kidogo.
- Usijikune wala kufinya chunusi. Kama nyumba nzima inajikuna usiku, njooni wote mutibiwe pamoja.
- Ngoja. Alama inafifia polepole: miezi mitatu, sita, hata mwaka. Asali haiunguzi, lakini haifuti alama. Anayekuahidi siku saba anataka feza yako.

Lakini usingoje nyumbani ukiona haya: doa lisilosikia ukiligusa, kwa maana linaweza kuwa ukoma, na ukoma unapona kwa dawa, nazo ni za bure, doa jeusi chini ya unyayo ao ukucha linalokua ao kutoka damu, kidonda kisichopona. Na mtoto zeruzeru aletwe kupimwa ngozi mara kwa mara.

Sasa tujibu pamoja, wamama. Ngozi ikiungua, inaongeza nini? Rangi! Zebaki inafika kwa nani? Kwa mtoto! Kabla ya kwenda shambani tunafunika nini? Uso!

Mukifika nyumbani, mufundishe na mabinti zenu, kwa maana wao ndio wanaanza kununua krema hizi. Mwenye boksi katika mfuko wake, abaki kidogo tulisome pamoja.