Mkate wa Ngano Nzima na Amri ya Saba

Juma lililopita tulifundisha juu ya amri ya saba, ile inayotukataza kuiba. Baada ya somo lile mzee mmoja alitujia, akasema: «Mimi sijavunja nyumba ya mtu, wala sijachukua mbuzi wa jirani. Basi amri hiyo inanihusu nini?» Swali lake ni jema, nasi hatukutaka kulijibu kwa maneno matupu. Tulisafiri mpaka Butembo, tukaingia katika mtaa mmoja wa mlimani, tukamtembelea mwoka mikate ambaye watu humsifu kwa mkate wake wa ngano nzima. Leo tutawaeleza tuliyoyaona na tuliyoyasikia huko.

Tulifika kabla ya mapambazuko, kwa maana kazi ya mwoka mikate huanza usiku, wengine wakiwa wamelala. Nyumba yake ni ndogo, ya matofali ya kuchoma. Mbele pana dirisha la kuuzia, na nyuma pana tanuru lenye tumbo la duara, linalowashwa kwa kuni za mkaratusi. Juu ya mbao palipangwa mikate ya aina tatu: mikate myeupe, mikate ya kahawia ya ngano nzima, na mikate midogo ya siagi na sukari, iliyopindwa kama pembe za ng'ombe, ambayo watoto huipenda siku ya Dominika. Palikuwa pia na keki za ndizi mbivu. Harufu yake ilitukuta njiani, mbali na mlango.

Tulimwambia mzee yule: «Baba, tufundishe kazi yako.» Hakuanza kusema. Alichota ngano gunia moja, akaweka punje chache katika kiganja cha kila mmoja wetu, akatuambia tuzitafune polepole. Kisha akasema: «Mmekula vitu vitatu, nanyi mlidhani ni kimoja.»

Akaeleza hivi. Punje ya ngano ina ganda la nje, ndilo pumba. Ndani yake mna wanga mweupe, ulio sehemu kubwa kabisa, yaani zaidi ya nane katika kila kumi. Tena upande mmoja pana kiini kidogo sana, ambacho hakifiki hata sehemu tatu katika mia; nacho ndicho kinachoota punje ikipandwa. Msagaji akitaka unga mweupe, huondoa pumba na kiini, akabakiza wanga peke yake. Unga huo hupendeza macho, tena hukaa muda mrefu bila kuharibika, kwa sababu mafuta yaliyomo katika kiini ndiyo yanayochacha upesi. Lakini pamoja na pumba na kiini, huondoka sehemu kubwa ya vitamini, ya madini kama chuma, na ya nyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi yake. Mkate wa ngano nzima ni ule ambao msagaji hakuondoa kitu.

Ndugu, msidhani hayo ni maneno ya mwoka mikate anayesifu mali yake tu. Zamani, kabla ya mwaka 1900, daktari mmoja Mholanzi, jina lake Christiaan Eijkman, alikuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Java. Huko watu wengi walipatwa na ugonjwa wa kudhoofika miguu, uitwao beriberi. Daktari aliona kwamba hata kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa walidhoofika miguu vivyo hivyo. Na walipolishwa mchele wenye ganda lake la ndani, walipona. Hivyo wataalamu walianza kufahamu kwamba katika yale tunayoyatupa mna kitu kinachohitajiwa na uhai. Kwa kazi hiyo Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929, pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins. Nanyi mama zetu mnaokoboa mahindi mpaka unga uwe mweupe kama pamba, kumbukeni kuku wale wa Java.

Turudi kwa mwoka mikate. Tulimwona akikanda unga. Alitia maji mengi zaidi katika unga wa ngano nzima kuliko katika ule mweupe, kwa maana pumba hunywa maji. Akachanganya na donge alilolibakiza tangu jana, kwa kuwa chachu ya jana ndiyo inayoumusha unga wa leo. Kisha akafunika kwa kitambaa, akangoja. Alituonyesha kwamba donge la kahawia haliinuki juu kama lile jeupe. Pumba hukatakata ule unato unaoshika hewa ndani ya unga. Ndiyo sababu mkate wa ngano nzima ni mzito mkononi, na ukikatwa huonekana vidoadoa vya pumba ndani yake. Ulipotoka tanuruni aliupindua, akaugonga chini kwa kidole, nao ukalia kama ngoma ndogo. «Sasa umeiva,» akasema.

Tukamwuliza: «Baba, ngano hii yatoka wapi?» Akajibu kwamba unga mweupe hutoka nchi za ng'ambo, lakini ngano ya mkate wa kahawia huinunua kwa wakulima wa milima ya Lubero, upande wa kusini, ambako kuna baridi na ngano hukubali kuota. Kila juma husaga kidogo tu, ili unga usichache. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: «Kwa kuwa mmekuja kwa ajili ya mafundisho, nitawaambia jambo langu. Lisemeni katika redio, ila jina langu liacheni.»

Haya ndiyo aliyotuambia.

Mwaka mmoja palitokea mapigano, na njia ya kusini ikafungwa. Wakulima walikimbia, na ngano ya milimani haikufika. Gunia la mwisho likaisha. Mzee alikuwa na unga mweupe wa kutosha, lakini watu walikuwa wakimjia kwa ajili ya mkate wa kahawia, nao huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Alikuwa na watoto wawili shuleni, na karo haijalipwa. Mwenzake mmoja wa kazi akamwambia: «Mbona unahangaika? Choma sukari mpaka iwe nyeusi, iyeyushe katika maji, utie katika unga mweupe. Mkate utatoka kahawia. Nani atajua?»

Akafanya hivyo. Siku ya kwanza mikate yote ikanunuliwa, na hakuna aliyenung'unika. Siku ya pili vivyo hivyo. Akajisemea moyoni: «Sijamwibia mtu. Wametaka mkate, nimewapa mkate. Sukari haina sumu.»

Siku ya tatu akaja mama mmoja wa mtaa huo huo. Mume wake ana ugonjwa wa sukari, na muuguzi wa zahanati alikuwa amemshauri ale mkate wa nafaka nzima, tena kwa kiasi, aache ule mweupe. Mama yule alipokea mikate miwili, akaibusu, akasema: «Asante, baba. Njia imefungwa, wengine wamefunga milango yao, lakini wewe hukutusahau. Mungu akubariki.» Akaenda zake.

Mzee akatuambia: «Angalinitukana, ningalilala usingizi. Lakini alinibariki. Baraka ile ilinichoma kuliko tanuru.»

Alizima moto, akavaa koti, akashuka mtaani mpaka nyumbani kwa mama yule. Alimkuta mgonjwa ameketi mezani, na mkate umekatwa mbele yake. Akasema mbele yao wote wawili: «Msiule. Si mkate wa ngano nzima. Ni mweupe, nimeutia rangi kwa sukari iliyoungua.» Mama yule hakujibu neno. Aliikusanya mikate, akamrudishia mikononi. Mzee akamrudishia fedha zake, akatoka.

Jumamosi akaenda kuungama. Padri alimwambia kwamba majuto peke yake hayatoshi. Aliyechukua kisichokuwa chake imempasa kukirudisha. Lakini angewajuaje wote walionunua siku tatu zile? Basi aliandika juu ya ubao kwa chokaa, akautundika dirishani: leo hakuna mkate wa ngano nzima, aliyenunua mkate wa kahawia siku tatu zilizopita, na aje arudishiwe fedha zake. Wengine walikuja. Wengine walikuja kumcheka tu. Fedha ambazo wenyewe hawakupatikana alizipeleka hospitalini kwa wagonjwa wasio na ndugu. Karo ya watoto ilichelewa muhula mzima.

Tukamwuliza: «Na wanunuzi walirudi?» Akasema kweli yote: «Wengi walirudi ngano ilipopatikana tena. Wengine hawakurudi mpaka leo. Mgonjwa yule alirudi. Mkewe hupita mlangoni, hunisalimu, lakini mkate hununua mumewe.»

Wapenzi wasikilizaji, sasa tumjibu yule mzee aliyetuuliza juma lililopita. Mwizi avunjaye mlango huchukua mali ya mtu bila ridhaa yake. Mdanganyifu wa sokoni hufanya vivyo hivyo, kwa maana ridhaa aliyopewa si ya kitu kile alichokitoa. Mama yule aliridhika kutoa fedha kwa mkate mzima. Hakuridhika kuzitoa kwa mkate uliotiwa rangi. Kwa hiyo fedha zilichukuliwa bila ridhaa yake, ijapokuwa alizitoa kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa baraka.

Ninyi wa vijijini, msiseme: sisi hatuoki mikate. Kopo la kupimia maharagwe likibonyezwa chini ili lishike kidogo, huo ndio mkate uliotiwa rangi. Kahawa ikitiwa vijiwe ili iwe nzito katika mizani, ni mkate uliotiwa rangi. Maziwa yakitiwa maji. Muhogo uliooza ukifichwa chini ya gunia, na ule mzuri ukiwekwa juu. Kibarua akilimishwa siku nzima na kulipwa nusu: yote hayo ni mamoja. Na mara nyingi anayeumizwa ni maskini au mgonjwa, kwa maana yeye hana fedha za kununua mara ya pili.

Tena fikirini mkate wa altare. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, inaagiza uwe wa ngano tupu, tena uliookwa karibuni. Nasi Wakatoliki wa kanuni ya Kilatini hatuutii chachu. Padri hana ruhusa kusema: leo ngano imepungua, tuchanganye unga wa muhogo, nani atajua? Kama mkate unaowekwa mbele ya Mungu haukubali hila, twawezaje kuuweka wa hila mbele ya jirani, ambaye Mungu anampenda? Kila siku twaomba chakula chetu kwa Baba. Twaomba chetu, hatuombi cha jirani.

Sasa, mwalimu, uliza maswali haya, na wasikilizaji wajibu pamoja.

Swali: Mkate wa ngano nzima ni upi?
Jibu: Ni mkate wa unga ambao haukuondolewa pumba wala kiini.

Swali: Twautambuaje ule uliotiwa rangi tu?
Jibu: Mara nyingi ni mwepesi mkononi, na ndani yake hamna vidoadoa vya pumba. Rangi ya kahawia peke yake si ushuhuda.

Swali: Je, mwenye kudanganya katika kupima au katika kuuza, anavunja amri gani?
Jibu: Anavunja amri ya saba kwa kuchukua mali ya mwenzake, na amri ya nane kwa kusema uongo.

Swali: Je, yatosha kujuta na kuungama?
Jibu: Haitoshi. Imetupasa pia kurudisha kile tulichochukua, kadiri tuwezavyo.

Swali: Na ikiwa mwenyewe hapatikani?
Jibu: Tuwape maskini, wala tusijiwekee.

Azimio la juma hili ni jepesi kusema, zito kufanya. Kila mwenye kopo, mizani au ndoo ya kuuzia, aichukue leo jioni, aitazame chini. Ikiwa imebonyea, aigonge mpaka inyooke kabla ya siku ya soko. Na kama anamjua mtu aliyepunjwa kwa kipimo hicho, asingoje Jumamosi ya maungamo, amwendee kwanza.

Tulipoagana na mwoka mikate, kulikuwa kumekucha, na watoto walikuwa wamekwisha kupanga mstari dirishani. Tulinunua mikate minne ya ngano nzima kwa ajili ya safari. Alipotupa, aliukata mmoja katikati bila sisi kumwomba, akatuonyesha ndani. Tukaona vidoadoa vya pumba. Akasema: «Tangu mwaka ule, mgeni simuuzii mkate wangu bila kuukata kwanza.»

Tutaonana tena katika somo lijalo, juu ya amri ya nane. Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.

Tumsifu Yezu Kristu.