Mwenye anarudi mbele ya tribinali mara ya pili
(Maneno yenye tulisema ku mukutano wa washirika, Pweto)



Leo hatutasema juu ya mbegu wala mabati. Tutasema juu ya ile swali yenye ilitugawanya mukutano uliopita: sanduku yetu ilipe avoka kwa mutoto wa mushirika mwenye alikamatwa mara ya pili, ao imuache? Wengine walisema wazi: "Mara ya kwanza tulimusaidia. Sasa ni kichwa yake." Tulirudi manyumbani na hasira. Tangu ile siku, sisi wa komite tuliuliza wenye kujua sheria, na tuliona kama wengi kati yetu tulikuwa tunabishana bila kujua.

Tuko na desturi ya kupima kila kitu na mambo ya Zambia, juu kule tuliishi: wamoja Mwange na Kala, kiisha vita kufika hapa Pweto mwezi wa 12 mwaka 2000, wengine Mantapala, mpaka safari za kurudi zilianza mwisho wa 2021. Sheria ya kule, kwa wizi wa ng'ombe, inaandika hesabu: mara ya kwanza kifungo hakipungue miaka 5, mara ya pili hakipungue miaka 7. Ndiyo maana wengi wanafikiri kwetu pia kuna kipimo kama kile, eti mara ya pili adhabu inazidishwa mara mbili.

Hapana. Kitabu chetu cha makosa na adhabu, cha tarehe 30 mwezi wa 1 mwaka 1940, chenye kinatumika mpaka leo pamoja na mabadiliko yake, hakina kanuni ya jumla ya kuongezea miaka mwenye kurudilia kosa. Sheria fulani za pekee zinafanya vile, lakini kwa wizi wa kila siku, hapana.

Sasa juu ya nini mara ya pili inauma zaidi? Juu wizi wenye hauna nguvu wala vitisho mwisho wake ni miaka 5, na chini ya ile 5 muamuzi ndiye anachagua. Mwenye amefika mara ya kwanza, anaweza kumushushia sana. Mwenye kazie yake iko na alama, ile karatasi ya parke yenye kuonyesha hukumu za zamani, huyo anapandishwa. Kati ya miezi michache na miaka 5, pale ndipo kijana anapotelea. Tena kama aliiba usiku ndani ya nyumba ya watu, ao alivunja mulango, mwisho si 5 tena, ni 10.

Lakini jambo lenye lilitunyamazisha sisi wenyewe ni lingine. Mara ya kwanza, yule kijana aliiba nyavu. Muamuzi alimupa hukumu yenye kusimamishwa, ile wanaita sirsi: mwaka moja, lakini haingie buloko kama anatulia muda wa miaka 3. (Muda ule muamuzi anaupanga mwenyewe, hauwezi kupita miaka 5.) Alitoka, mama yake akapika bukari na samaki, tukakula, tukaimba. Kila mutu alisema, "Wamemuachilia, mambo imekwisha." Haikukwisha. Ule mwaka moja ulikuwa umelala tu. Kama anahukumiwa tena juu ya kosa lenye alifanya ndani ya ile miaka 3, unaamuka, anaulipa pamoja na adhabu mupya. Hakuna mumoja wetu alimukalisha chini na kumuelezea. Tulijua kulipa avoka, hatukujua kufuata kijana kiisha avoka kuenda. Ile kosa ni yetu, hatuiweke juu ya mutu mwingine.

Sasa wanasema alikamata batri ya sola ya watu. Hajahukumiwa bado. Kama ni yeye ao si yeye, tribinali itaangalia. Lakini ninyi wenye munasema mara ya kwanza ndiyo ya kusaidia, mufikiri kidogo: mara ya kwanza muamuzi anaweza kumuhurumia hata bila avoka. Mara ya pili, nani atasimama kusema kama kijana alikuwa anafanya kazi ku shamba, kama mwenye mali amerudishiwa mali yake, kama kuna watu wenye kumungojea? Kazie inasema hukumu tu. Haiseme ile yote.

Hatuombe sanduku ifiche wezi. Mwenye batri naye ni mushirika, na tulienda kwake mbele ya kuja hapa. Alituambia, "Mimi nataka batri yangu, sitaki azeeke mule." Tulishukuru sana.

Komite inapendekeza hivi: tulipe avoka nusu, familia nusu, hata kidogo kidogo. Kama hukumu inatoka nzito, tusilale: kwa kukata rufaa kuna siku 10 tu. Kama anafungwa, tuhesabu robo. Sheria inaruhusu kuomba kutoka mbele ya wakati kama mutu amemaliza robo ya adhabu na amepitisha miezi 3 ndani. Kwa miaka 5 ile ni miezi 15. Ni kuomba, si haki ya kupewa. Na kila kijana mwenye kutoka na sirsi, mama Katibu ataandika tarehe ya mwisho wake ndani ya kitabu, na wazee wawili watamutembelea kila mwezi.

Wenye wanakubali wainue mikono. Wenye hawakubali waseme sasa, hapa, si ku njia. Siku ya Ijumaa tunapeleka chakula kule kasho. Tunatafuta watu wawili wa kuenda na mama yake.